Maji Kifuani mwa Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa kuvika mashine. Ndivyo walivyosema pale karakanani: kuvika. Boila za mvuke na mabomba yake hutoa joto la kuunguza, kwa hiyo lazima zivishwe kitu kizito cha kulizuia joto lisipotee. Kitu hicho kilikuja kwa magunia kutoka ng'ambo, unga mweupe wenye nyuzinyuzi, na mafundi walikiita pamba ya mawe. Baba aliumwaga unga huo katika karai, akautia maji, akaukanda kwa mikono kama akandaye unga wa mkate, kisha akaupaka juu ya chuma. Ukikauka unakuwa mgumu kama ukuta. Baada ya miaka, ukianza kupasuka, ni yeye tena aliyeubomoa kwa nyundo ili apake mwingine. Kazi hiyo aliianza kijana asiye na ndevu, na nilipopewa talaka nikarudi kwake Mabawa, mjini Tanga, na cherehani yangu kichwani mwa hamali, alikuwa angali akiifanya.

Mama alikwisha kufariki. Tulikuwa wawili katika nyumba ya vyumba vitatu, mimi nikishona barazani, yeye akirudi alasiri na kope nyeupe. Kabla ya kuzifua nguo zake nilizikung'uta uani. Vumbi lile halikuanguka kama vumbi jingine. Lilibaki hewani likimeta juani, halina haraka, na ukipita katikati yake linageuka nyuma yako likakufuata hadi mlangoni.

Ugonjwa ulianza katika hitima ya jirani. Baba alikuwa msomaji mwenye pumzi ndefu, mtu wa kupewa aya ambazo wengine hukatikia njiani. Siku hiyo alikatika yeye. Tena si mwisho wa aya, bali katikati ya neno, kinywa kikiwa wazi, kama mtu aliyezibwa na kiganja. Mwingine akalidaka neno akalimaliza. Baba alirudi nyumbani, mkono wake wa kulia ameuweka ubavuni chini ya kwapa, na tangu hapo mkono ule haukukaa mbali na pale.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, na mtu akikosa pumzi na kukonda, watu walikuwa na neno moja tu: kifua kikuu. Hospitalini nao walianza na neno hilo. Baba akachomwa sindano za kifua kikuu matako yote mawili hadi akawa hawezi kukaa, miezi mitatu mfululizo, na makohozi yake yakachukuliwa kwa vikopo kwenda kutazamwa. Hawakuona kitu. Alizidi kukonda, pumzi ikazidi kuwa fupi.

Kisha akaja daktari mwingine, Mhindi wa makamo mwenye kusema Kiswahili cha dukani, polepole, akichagua maneno. Alimvua baba shati, akaweka kidole kimoja mgongoni na kukigonga kwa kingine, akishuka mbavu kwa mbavu. Upande wa kushoto ulilia kama ngoma. Upande wa kulia haukulia kabisa. Ulikuwa kama kugonga mtungi uliojaa pomoni. Wakampiga picha ya eksirei, na daktari akaishika dirishani ili nami nione. Nusu moja ilikuwa na mbavu na kivuli cha pafu. Nusu ya pili ilikuwa weupe mtupu, kana kwamba mtu ameingia ndani akapaka chokaa.

"Maji," daktari akasema. "Tutayatoa."

Sindano yenyewe ilikuwa nene kama ile ya kushonea magunia. Mimi mshonaji, sindano hainitishi, lakini ile nilipoiona inazama kati ya mbavu mbili za baba nililazimika kushika kitanda. Dresa aliyemsaidia daktari, kijana wa Kibondei mwenye mikono mipole, alishika chupa ya kioo. Maji yakaja, rangi ya chai isiyo na maziwa, yakajaza chupa, yakajaza ya pili. Baba alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu ile hitima, machozi yakamtoka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nimerudi."

Siku ile tulirudi nyumbani kwa miguu, naye akanunua muhogo wa kuchoma njiani.

Asubuhi ya pili nilikuwa nafagia chumbani mwake. Baba alikuwa kitandani, akageuka upande ili anisemeshe, na nikasikia maji. Si kwa mbali. Yalipiga mara moja, chubwi, kisha yakatulia, kama mtungi uliojaa nusu unapochukuliwa kichwani. Nilitazama chini ya kitanda. Nikatazama ndoo, ilikuwa kavu.

"Umesikia?" baba akauliza.

"Nimesikia. Wapi?"

Akalitikisa bega lake taratibu, macho yakinitazama. Maji yakapiga tena, ndani yake.

Daktari alipoelezwa hakushangaa. Alisema kuwa sindano ilipotoa maji, hewa kidogo iliingia mahali pake, na hewa ikikaa na maji mahali pamoja lazima vipige kelele. Nilimwelewa. Lakini kuelewa hakukunisaidia chochote pale baba alipoinuka kwenda kusali. Akirukuu, yanapiga. Akisujudu, yanapiga. Jirani mmoja aliyesimama ubavuni mwake msikitini aliyasikia, na tangu siku hiyo safu ya baba ilikuwa na nafasi wazi kulia na kushoto. Wateja wangu nao wakaanza kuacha vitambaa kwa jirani ili nivifuate huko.

Hapo ndipo shangazi alipokuja kutoka Pangani. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi asiyependa kubishiwa. Alimsikiliza mdogo wake akigeuka kitandani, akajifunga kanga kiunoni.

"Mwanangu, hayo si ya hospitali peke yake," akaniambia. "Hospitali ifanye yake, na sisi tufanye yetu."

Tukaanza na kombe. Mwalimu wa chuoni aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, na baba akanywa siku saba. Sitasema halikumsaidia. Siku zile saba alilala bila kuweweseka, na uso wake ulikunjuka. Lakini siku ya nane upande wa kulia ulikuwa umejaa tena, na ile sauti ilikuwa imetoweka. Hilo lilimtisha kuliko sauti yenyewe. "Hayachezi tena," alisema. "Hayana pa kuchezea."

Hospitalini wakamtoa maji mara ya pili, na juma moja baadaye shangazi akatupeleka ng'ambo ya mto. Kule njia ya Mkwaja alikuwapo mganga mwanamke ambaye, kwa maneno ya shangazi, alikwisha kuwatoa watu mambo makubwa zaidi. Tulivuka kwa kivuko cha Pangani, tukapanda lori la nazi, baba amekaa mbele na dereva akishikilia ubavu kila gurudumu lilipozama shimoni.

Mganga hakuwa mzee kama nilivyotazamia. Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu angelikuwa hai, amevaa kanga mbili safi, anachambua mchele. Hakuuliza jina la mgonjwa wala la mama yake. Alinawa, akapiga magoti nyuma ya baba na kuweka sikio mgongoni. Alikaa hivyo muda mrefu, macho yamefumbwa. Shangazi alikwisha kuandaa ubani, na kuku mweusi alikuwa amefungwa miguu karibu na kizingiti. Kuku yule, aliyekuwa akilalamika njia nzima, alinyamaza.

Mganga akajitoa, akafuta sikio lake kwa ncha ya kanga.

"Mrudisheni," akasema.

"Hujafanya kitu!" shangazi akasema.

"Na sitafanya. Mimi hutoa kilichoingia. Kila kilichoingia kina siku ya kutaka kutoka, nami nakisaidia. Hiki hakitaki kutoka. Kinadhani hapa ni kwake."

Alikataa ubani, alikataa kuku, alikataa hata nauli ambayo shangazi alitaka kumwachia kwa heshima. Alitusindikiza hadi barabarani, na lori lilipoondoka nilimwona angali amesimama, mkono wake sikioni.

Kwenye kivuko nilimsikia akilia chini ya buibui, na baba akamwambia, "Usilie dada. Angalau yule hakutudanganya."

Tuliporudi Tanga nilikuwa nikimkanda baba mgongo kwa mafuta ya nazi, na vidole vyangu vikakuta kitu. Pale sindano ya kwanza ilipoingia, kulikuwa na kinundu chini ya ngozi, kigumu kama kokwa ya ukwaju. Nikatafuta alama ya sindano ya pili. Palikuwa na kinundu cha pili, kidogo zaidi, mdogo wake yule wa kwanza. Mahali pengine popote ngozi ilikuwa laini.

Sikumwambia. Nilimwambia daktari, na daktari akavishika vyote viwili, akavirudia, kisha akaketi. Sikuwahi kuona daktari akiketi mbele ya mgonjwa.

"Mzee," akasema, "nitakwambia ninayoyajua, na nitakwambia nisiyoyajua. Hiki si kifua kikuu. Kuna nyama inaota kwenye utando unaofunika pafu. Ndiyo inayotoa maji. Na sasa inatoka nje, inapita njia tuliyoifungua sisi kwa sindano."

Baba akatikisa kichwa polepole. "Dawa yake?"

"Ya kunywa hakuna. Ya kuchoma hakuna. Dar es Salaam yuko mpasuaji. Anaweza kufungua ubavu, akajaribu kubandua huo utando. Ni kazi kubwa, na mtu anaweza kubaki mezani. Ulaya kuna mashine za miale ambazo huchoma uvimbe bila kisu. Hapa hatuna, na hata huko sijui kama zinafaa kitu kwa ugonjwa huu."

"Na hapa?"

"Hapa nitatoa maji yakikuzidi, ingawa umeona sindano inaacha nini. Na maumivu yatakuja. Dawa ya maumivu ninayo, wala sitakunyima."

Kisha akamuuliza kazi yake. Baba akaeleza juu ya magunia, karai na nyundo. Daktari akaandika yote, akiuliza tena miaka. Alisema amesoma kwamba mapafu ya watu wa kazi hiyo hukakamaa, lakini utando na maji haya hakuyasoma popote. Alisema "sijui" mara nyingi sana siku ile, na kila alipolisema nilizidi kumwamini.

"Ungelikuwa wewe, bwana daktari?" baba akauliza.

Daktari alitazama dirishani. "Mimi ningekwenda Dar es Salaam," akasema. "Lakini mimi naogopa kufa kuliko wewe."

Baba akacheka, cheko fupi lililomuumiza. "Mimi nimebomoa mavazi ya boila maisha yangu yote," akasema. "Najua ukibandua kitu kilichoshikana na chuma kwa miaka. Hakiji peke yake. Chuma chenyewe hukifuata. Nitoe maji nikishindwa kabisa. Kwingine kote niache."

Ndivyo tulivyoishi miezi iliyosalia. Alitolewa maji mara mbili zaidi, na vinundu vikawa vinne. Ile dawa ya maumivu ilikuja katika chupa ndogo ya kahawia, kijiko kimoja kila inapobidi, nayo ilimfanya aongee na marehemu mama kwa upole, kuhusu mambo ya kawaida kabisa, bei ya samaki na paa linalovuja. Hakuweza tena kulala. Akijinyoosha alizama. Kwa hiyo aliketi kitandani usiku na mchana, mito mitatu mgongoni, uso umeelekea mlango, na wageni wachache waliopiga hodi walishtuka kumkuta akiwatazama tayari.

Mmoja aliyeendelea kuja alikuwa mwenzake wa karakanani, mcheshi, aliyekanda naye karai moja tangu ujana. Alikuja Jumapili moja, jua la utosini, saa ambazo wazee wetu walikuwa hawaturuhusu kukaa nje. Nilimwekea kiti mbele ya baba, nikarudi kwenye cherehani yangu ukumbini, mlango uko wazi.

Walizungumza kidogo. Kisha wakanyamaza, nami nikawa nasikia pumzi ya baba kama kawaida: fupi, fupi, inakwama, kisha inaachiwa. Ilinichukua muda kutambua kwamba zilikuwa pumzi mbili. Zilikwenda pamoja. Zilikwama pamoja na kuachiwa pamoja. Nikaacha kushona nikachungulia. Wawili wale walikuwa wameketi ana kwa ana, na kila mmoja ameweka mkono wa kulia ubavuni, chini ya kwapa, pale pale, vidole vimetanuka vile vile. Usingejua nani mgonjwa na nani mgeni isipokuwa kwa mito.

Baba naye aliona.

"Mkono wako huo," akasema, "umeanza lini kuuweka hapo?"

"Upi?" Mwenzake akauinamia, akautazama kama mkono wa mtu mwingine aliyekaa naye karibu mno. Akauondoa, akauweka gotini. "Aa, nimejilalia tu vibaya."

"Nenda hospitali, ndugu yangu. Nenda kabla hujaanza kulala umekaa."

Yule mtu akacheka, akatoa mzaha wa zamani wa karakanani, akaaga. Nilimsindikiza hadi barazani. Alipofika kwenye kona, mkono ulikuwa umerudi.

Baba alifariki baada ya siku kumi na mbili, mchana, kabla ya adhana ya adhuhuri. Nilikuwa nashona. Sikusikia chochote, na hilo ndilo lililonifanya nisimamishe cherehani. Miguu yangu ilikuwa imezoea kukanyaga kwa mwendo wa pumzi yake bila mimi kujua, na ghafla ikakosa cha kufuata. Nilimkuta ameketi, macho yametazama mlango, na mkono wake umeanguka kutoka ubavuni ukiwa wazi.

Wanaume walipomwosha, sisi wanawake tulikuwa ukumbini. Kulikuwa na sauti za maji ya kawaida, ya kata na ndoo. Kisha zikakoma zote. Baba mdogo akatoka, uso umemshuka, shati limelowa.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "una yakini amefariki? Tumemgeuza, na kifua chake kimesema."

Mimi nilisimama mlangoni pazia likiwa kati yetu, nikawaambia wale wanaume kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Ni maji. Alitolewa juma lililopita, hewa imeingia. Mgeuzeni polepole tu, hamtamuumiza." Kisha nikasikia wakisema bismillahi kwa pamoja, na yale maji ya ndani yakapiga kwa mara ya mwisho, kwa upole, wakaendelea na kazi.

Arobaini ilipopita, mke wa yule mwenzake alikuja na kitambaa cha gauni. Tulikuwa tunajuana kwa salamu tu. Nilimpima mabega na kiuno, nikiandika, naye ghafla akanishika mkono wenye utepe.

"Dada, sikuja kwa gauni. Marehemu mzee wetu alianzaje?"

Nikamketisha, nikamweleza yote. Nilimwambia sindano za kifua kikuu zilimtesa bure. Nikamwambia kutolewa maji kulimrudishia pumzi kila mara, ila kila mara kwa siku chache kuliko mwanzo, na kwamba sindano huacha kitu nyuma yake. Nilimwambia juu ya kombe na utulivu wake, na juu ya mganga aliyekataa kuku. Nikamwambia chupa ya kahawia asione haya kuiomba.

"Na Dar es Salaam?"

"Hatukwenda. Huko sikujui."

Wao walikwenda. Mumewe alikuwa mtu wa kujaribu, na daktari yule yule aliwaandikia barua. Walimfungua ubavu, na alipozinduka, mpasuaji alimwambia mkewe kwamba ametoa alichoweza kufikia, na kwamba hakufikia vyote. Alirudi na kovu kutoka kifuani hadi mgongoni, kama pindo lililoshonwa haraka. Kwa miezi kadhaa maji hayakurudi. Alikuja kunitembelea mara moja kwa miguu yake mwenyewe, akatoa mzaha, akala wali kwangu. Kisha maumivu yakaingia mahali pa maji, na maumivu yale, mkewe alisema, hayakuwa na sindano ya kuyatoa. Alifariki mwezi wa Ramadhani uliofuata. Ukihesabu tangu mkono ulipoingia ubavuni, yeye na baba waliishi karibu sawa.

Mkewe na mimi tukawa kama ndugu. Alihamia chumba changu cha tatu, akajifunza kushona, na kwa miaka mingi tulifanya kazi baraza moja. Mwanzoni tulikuwa tukibishana ni nani kati ya wale wawili aliyechagua vyema. Yeye alisema wangu alikata tamaa mapema mno. Mimi nilisema wake aliumizwa mara mbili. Siku moja nilimkuta uani ananikung'utia mkeka wa zamani wa baba, ule ambao hakuna aliyekuwa ameugusa tangu tumzike, na kabla sijasema kitu vumbi lile jeupe la kazi yao lilikwisha kuinuka kati yetu. Tulisimama tukalitazama. Halikuanguka. Akanishika mkono tukaingia ndani tukafunga mlango na madirisha, tukakaa humo hadi jua lilipozama, na tangu siku hiyo hatukubishana tena.